Marejeleo ya tasnifu: Zotero, Mendeley, Word au kwa mkono?

Kila msimu wa utafiti ukifika, swali la wanafunzi wa mwaka wa tatu ni lilelile: programu gani ya marejeleo, yaani ya kutunza vyanzo na kupanga orodha yake, ni nzuri? Kwa jinsi tasnifu zinavyoandikwa huku kwetu, swali hilo linasahau kitu kimoja kikubwa, nacho ni kompyuta. Mwenye laptop yake, anayeandika sura zote tano kwenye mashine moja, hawezi kupewa jibu moja na yule anayeanza sura ya kwanza kwenye simu, akaandika ya pili kwenye laptop ya mwenzake wa chumbani, kisha akamalizia steshenari huku saa ya malipo ikihesabiwa.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, jiulize utaandikia kwenye mashine ngapi, vyanzo vyako vitakuwa kumi au themanini, na msimamizi wako hupokea kazi kwa njia gani. Wapo wanaotaka faili la Word kwa barua pepe, wapo wanaosahihisha ndani ya Google Docs, na wapo ambao bila karatasi na kalamu nyekundu hawasomi.

Jambo moja halimo kwenye uchaguzi wako: mtindo, yaani kanuni za kuandika marejeleo, kama APA au Harvard. Ukiambiwa APA, ni APA. Na siku hizi maana yake ni toleo la saba, lililotoka Oktoba 2019, si lile la sita ambalo bado limo kwenye vitini vingi. Tofauti zake mbili huwakamata wengi. Toleo la saba haliandiki tena mji wa mchapishaji, na kazi yenye waandishi watatu au zaidi hufupishwa kwa "et al." (na wenzake) tangu mara ya kwanza inapotajwa. Ukiambiwa Harvard, omba mwongozo wa idara yenyewe, kwa sababu Harvard haina kitabu kimoja cha sheria. Kila chuo kina yake, na alama ya mkato inayopendwa hapa inaweza kukatwa pale. Tiba wana Vancouver ya namba, sheria wana tanbihi za OSCOLA. Ukishajua wa kwenu, endelea.

| | Kwa mkono | Word yenyewe | Mendeley | Zotero |
|---|---|---|---|---|
| Gharama | Hakuna | Imo ndani ya Word | Bure | Bure |
| Hukusanya taarifa za chanzo yenyewe | Hapana | Hapana | Ndiyo | Ndiyo |
| Hufanya kazi na | Chochote | Word tu | Word 2016 na kuendelea | Word, LibreOffice, Google Docs |
| Nafasi ya bure ya kuweka mafaili mtandaoni | – | – | GB 2 | MB 300 |
| Programu ya simu | – | – | Iliondolewa 2021 | iPhone na Android |

Jedwali linaonyesha kama Zotero imeshinda mapema. Kwa wengi, ndiyo. Lakini si kwa wote.

Kwa mkono

Asainmenti yenye vyanzo vinane haihitaji programu. Muda wa kusakinisha, kufungua akaunti na kujifunza vitufe unazidi muda wa kuandika mistari minane. Tena anayeandika kwa mkono hulazimika kujua kipi ni kipi: mwandishi, mwaka, jina la makala, jina la jarida, juzuu, toleo, kurasa. Programu haijui lolote, inapanga ulichoiwekea. Asiyejua kwamba kwenye APA jina la jarida ndilo linalowekwa italiki, na si jina la makala, hatagundua programu ikivuruga. Ningekuwa na mamlaka, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeandika kazi zake za muhula wa kwanza kwa mkono, kisha ndipo aruhusiwe kugusa Zotero.

Shida huanza orodha ikivuka vyanzo ishirini. Msimamizi anakata aya mbili za sura ya pili, wewe unaziondoa, lakini majina manne yanabaki kwenye orodha ya mwisho bila kutajwa popote. Au unaongeza aya usiku na jina linasahaulika. Mtahini wa nje hupenda sana kuanzia hapo, kwa kuwa ni rahisi kuhakiki na haihitaji ajue mada yako. Na kwa anayetumia Vancouver, mkono ni mateso matupu: ukiongeza chanzo kimoja kwenye ukurasa wa tatu, namba zote zinazofuata zinabadilika hadi mwisho wa kazi.

Word yenyewe

Tangu Word 2007, kichupo cha References kina sehemu ya kuingiza vyanzo na kutengeneza orodha. Hakuna cha kupakua wala bando la kuteketea. Unajaza fomu ya chanzo mara moja, kisha kila unapokitaja unakichagua tu, na orodha inajitengeneza. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza yenye vyanzo thelathini, kwenye mashine moja, inatosha kabisa, na nashangaa jinsi inavyodharauliwa.

Ina kasoro tatu za kujua mapema. Kwanza, orodha kuu ya vyanzo hukaa kwenye kompyuta uliyotumia. Faili lako hubeba vile tu vilivyomo ndani yake. Ukiandika sura tatu kwenye mashine tatu kisha ukaziunganisha kwa kukopi na kupesti, utakuta mahali pa jina la mwandishi pameandikwa kwamba chanzo si halali. Dawa ni kutumia faili moja la kazi nzima tangu mwanzo, likitembea kwenye flashi au barua pepe.

Pili, Word nyingi zilizoko mikononi mwetu zina APA ya toleo la sita. Ukijaza mji, itaandika "Dar es Salaam: Mkuki na Nyota", na toleo la saba halitaki mji. Acha kisanduku cha mji wazi, na majina ya waandishi wengi yahakiki mwenyewe.

Tatu ni ile Harvard iliyomo humo, iitwayo Anglia 2008. Kisanduku cha mji au mchapishaji kikiwa tupu, inakujazia "s.l.: s.n.", vifupisho vya Kilatini vya "mahali hapajulikani, jina halijulikani". Wanafunzi huchapisha kazi zikiwa na alama hizo bila kujua zimetoka wapi, na msimamizi naye hudhani zimekopwa mahali.

Kingine kidogo: ukiandika jina la taasisi kama mwandishi, weka tiki kwenye kisanduku cha mwandishi wa taasisi. Bila hivyo Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia itakatwa vipande kana kwamba ni jina la mtu.

Mendeley

Ilizinduliwa London mwaka 2008, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Elsevier, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida ya kisayansi. Wahadhiri wengi walijifunza hii wakati wa masomo yao ya juu, na ndiyo maana bado inafundishwa. Tatizo ni kwamba waliyojifunza si iliyopo. Mendeley Desktop ya zamani haipakuliwi tena tangu Septemba 2022. Mahali pake ipo Mendeley Reference Manager, na ndani ya Word kipo kiunganishi kiitwacho Mendeley Cite. Ukifuata video ya mafunzo ya mwaka 2017 utatafuta vitufe ambavyo havipo.

Nzuri zake ni za kweli. GB 2 za bure ni nyingi ukilinganisha na MB 300 za Zotero, kwa hiyo PDF zako zote zinaweza kukaa mtandaoni na ukazifungua kwenye mashine nyingine. Kusoma na kupaka rangi makala ndani yake kunapendeza. Kwa mtu mwenye Microsoft 365 na intaneti ya chuo isiyokatika, hana sababu ya kuhama.

Ila kiunganishi chake kinataka Word 2016 au mpya zaidi. Kompyuta ya steshenari yenye Word 2010 haitakusaidia, na LibreOffice, programu ya kuandikia inayofanana na Word, haimo kabisa kwenye mpango wao mpya. Kwangu hilo peke yake linaiondoa kwa mwanafunzi asiye na mashine yake.

Zotero

Zotero ilitoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mikononi mwa wanahistoria. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Unasakinisha vitu viwili: programu yenyewe, na kitufe cha kwenye kivinjari. Ukifungua makala kwenye tovuti ya jarida au kwenye AJOL, ule mkusanyiko mkubwa wa majarida ya Afrika, unabofya kitufe, na mwandishi, mwaka, juzuu na kurasa vinaingia vyenyewe, mara nyingi pamoja na PDF. Ndani ya Word au LibreOffice unachagua chanzo, kinaandikwa, na orodha inajijenga. Kazi hiyo ya kuandika haihitaji intaneti. Unaweza kukaa kijijini wakati wa likizo na ukaendelea.

Hofu ya MB 300 imetiwa chumvi. Kinachobanwa ni mafaili ya PDF tu. Taarifa za vyanzo hazina kikomo. Zima usawazishaji (sync) wa mafaili kwenye mipangilio, acha wa taarifa, na PDF zihifadhi kwenye flashi. Bando nalo litakushukuru.

Mashine zikiwa nyingi, kila rejeleo hubeba taarifa zake ndani ya faili la Word. Ukilifungua steshenari kusiko na Zotero, maandishi yako yapo na unaweza kuendelea kuandika. Usiguse tu mabano ya marejeleo kwa mkono, maana ukirudi kwenye mashine yenye Zotero itauliza kama ikufutie mabadiliko hayo. Hatari iko kwingine: kulipandisha faili hilo Google Docs au kulifungua kwenye LibreOffice na kulihifadhi bila maandalizi. Viungo kati ya marejeleo na Zotero hukatika, yakabaki maandishi matupu. Kwenye mipangilio ya waraka, ndani ya kiunganishi cha Zotero, kipo kitufe cha kuhamia programu nyingine ya kuandikia. Kibofye kwanza, halafu uhame.

WPS Office, iliyojaa kwenye laptop za wanafunzi kwa kuwa haina malipo, haina kiunganishi rasmi cha Zotero. Kama huna Word, sakinisha LibreOffice. Nayo ni bure, na Zotero inaelewana nayo.

Sasa makosa ambayo Zotero itakufanyia, kwa kuwa yapo. Hazina za kidijiti za vyuo vyetu mara nyingine zina vichwa vya tasnifu vilivyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, na Zotero huvichukua vilivyo. Bofya kichwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukibadilishe. Vitabu vya wachapishaji wa hapa, vyenye ISBN (namba za utambulisho wa kitabu) zinazoanza na 9976 au 9987 kwa Tanzania na 9966 kwa Kenya, vingi havipatikani ukiingiza namba. Utavijaza kwa mkono, na ukurasa wa haki miliki ndio wa kunakili, si jalada.

Majina nayo. Said Ahmed Mohamed anapaswa kuwa Mohamed, S. A.; Shaaban Robert awe Robert, S. Mwandishi mwenye majina matatu, la kwake, la baba na la babu, hugeuzwa na tovuti namna tatu tofauti, na kwenye orodha yako akawa watu watatu. Kagua safu ya waandishi kabla hujaanza kutaja, kwa sababu kusahihisha baadaye kunachosha. Taasisi iandikwe kwenye kisanduku kimoja, si viwili.

Wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili wana lao. Kwenye kila chanzo cha Kiswahili, jaza "sw" kwenye kisanduku cha lugha. Usipofanya hivyo, mitindo kama Chicago na MLA itakichukulia kichwa kuwa cha Kiingereza na kukipa herufi kubwa kila neno, "Historia Ya Watu Wa Pwani", jambo ambalo mhadhiri wa Kiswahili halivumilii. Na kama waraka umewekwa Kiingereza, itaandika "et al." mahali ambapo idara inataka "na wenzake". Usibadilishe katikati ya kazi. Subiri siku ya mwisho, hifadhi nakala ya pili ya faili, kwenye nakala hiyo tenganisha marejeleo na Zotero kwa kitufe chake, kisha tafuta-na-badilisha "et al." zote kwa mkupuo. Ile nakala ya kwanza iache hai. Marekebisho ya watahini yakija ndiyo utakayoifanyia kazi.

Walio na simu tu

Kwao ninapendekeza ZoteroBib, ndugu mdogo wa Zotero anayefanya kazi ndani ya kivinjari. Hakuna kusakinisha wala akaunti. Unabandika kiungo cha makala, DOI (namba ya utambulisho wa makala) au ISBN, unachagua mtindo, inakupa orodha ya kunakili. Kumbuka kwamba orodha hukaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari. Ukisafisha simu imekwenda, labda uwe umetengeneza kiungo chake na kujitumia WhatsApp. Google Docs nayo ina kifaa chake cha marejeleo, ukiifungua kwenye kompyuta, chenye APA, MLA na Chicago. Kwa asainmenti kinafaa, kwa tasnifu ningekikwepa.

EndNote sitaizungumzia kwa kirefu. Ni programu ya kulipia, na ukiikuta bure kwenye flashi ya mtu, jua umepewa kopi ya wizi ambayo pengine imebeba na virusi. Kama chuo chako kimeinunua na maabara zinayo, itumie. Kama hakijainunua, huikosi.

Kumwomba akili mnemba akuandikie orodha

Siku hizi hii ndiyo njia ya tano, na naiweka peke yake kwa sababu si njia ya kuandika marejeleo. Ukiiomba ChatGPT vyanzo kumi kuhusu mada yako, inaweza kukupa makala zenye waandishi wanaofahamika, majarida ya kweli, na kurasa, lakini makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Mwezi Juni 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya shirikisho ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa, zote zimebuniwa na ChatGPT. Wale ni wanasheria wenye leseni. Mtahini mwenye dakika mbili na Google Scholar atakugundua haraka zaidi.

Kupanga upya orodha uliyoikusanya mwenyewe ni jambo jingine, lakini hata hapo mwaka au ukurasa unaweza kubadilishwa kimyakimya. Zotero haibuni. Inaweza kukosea kwa sababu tovuti ilikosea, basi.

Ambavyo hakuna programu inayovifanya vizuri

Sheria za nchi ni mfano mmoja. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, haina mwandishi wala mchapishaji wa kujaza kwenye fomu kwa namna ambayo kitivo cha sheria kinataka. Andika kwa mkono. Mwingine ni mahojiano. Kwenye APA, mazungumzo binafsi na mtaalamu hutajwa ndani ya maandishi tu na hayaingii kwenye orodha ya mwisho. Na maneno ya watoa taarifa wa utafiti wako, yule bibi aliyekusimulia ngano au mvuvi uliyemhoji, ni data yako, si chanzo. Hayaandikiwi rejeleo kabisa. Tasnifu za fasihi simulizi hukosea hapa mara nyingi kuliko mahali pengine, na Zotero itakubali ukosee.

Kamusi nayo ina mtego. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), lakini toleo la tatu la 2013 ni la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), iliyoundwa kwa kuunganisha TUKI na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taja uliyoishika mkononi, kwa jina lililoko kwenye ukurasa wake wa haki miliki.

Basi uchukue ipi?

Mwaka wa kwanza na wa pili, vyanzo chini ya ishirini: kwa mkono, na ZoteroBib kama huna kompyuta. Shahada ya kwanza, Word moja, mashine moja, hutaki kujifunza kitu kipya: Word yenyewe, ukikumbuka zile kasoro tatu. Uzamili na uzamivu: Zotero, bila mjadala mrefu, na uanze siku unapoandika pendekezo la utafiti, si siku unapounganisha sura. Mendeley ni ya yule ambaye msimamizi wake au kikundi chake cha utafiti tayari kinaitumia na wanashirikiana maktaba moja. Hapo kuwa tofauti na wenzako kutakugharimu zaidi ya faida utakayopata.

Na kama umebakiza wiki mbili kukusanya kazi, una vyanzo themanini ulivyoandika kwa mkono tangu Novemba, usihamie popote. Chapisha orodha ya marejeleo kwenye karatasi. Fungua kazi yako, bonyeza Ctrl na F, tafuta jina la kila mwandishi moja baada ya jingine: akipatikana kwenye maandishi, weka tiki, asipopatikana, mfute kwenye orodha. Kisha rudi kinyume, tafuta kila mabano yanayofungua, na kila jina utakalokuta hakikisha lina tiki kwenye karatasi. Ni kazi ya jioni moja, mbili ukiwa na msaidizi mvivu.